Mtu wa Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alishuka ngazi sitini na mbili akiwa na ndoo tupu, kisha akazipanda zile zile sitini na mbili akiwa na ndoo iliyojaa. Waliishi ghorofa ya tatu, na bomba lenye maji lilikuwa moja tu, chini, karibu na mlango mkubwa wa jengo. Mabomba ya juu yalikauka kabla hajazaliwa. Yalibaki ukutani yakiliwa na kutu, na akina mama waliyatumia kuanikia matambara.

Jengo hilo lilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa, lakini watu walibaki. Wengine walizaliwa humo, wakaolewa humo, wakazaa humo. Ngazi zilikuwa zimelika katikati kama kipande cha sabuni. Kwenye ghorofa ya pili chuma cha kushikia kilikuwa kimeng'oka, na mahali pake watu walifunga kamba ya katani. Kila mtoto alijua kwamba hapo unapita upande wa ukuta.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, alisema kwamba mwanawe angeweza kutoa siri ya jirani kabla jirani hajamaliza kuisimulia. Mtu pekee aliyeyapenda maneno yake yote, bila kumwambia apunguze, alikuwa Bibi, mama mzazi wa baba yake.

Bibi alikaa nao katika chumba chao kimoja, nyuma ya pazia la maua. Zamani alikuwa mfumaji katika kiwanda kile kile. Sasa nyonga yake moja ilikuwa imekataa kazi. Mara ya mwisho kushuka chini ilikuwa miaka miwili iliyopita, wanaume wanne walipombeba kwenye kiti kumpeleka hospitali. Safari ya kumrudisha juu ilichukua muda mrefu kuliko matibabu yenyewe. Tangu siku hiyo dunia ya Bibi ilikuwa kitanda, kiti, dirisha na maneno ya Chiriku.

"Haya, chini kuna nini?" aliuliza kila alasiri Chiriku alipotoka shule.

Na Chiriku alimpa habari: nani kagombana na nani bombani, paka gani kazaa, mtoto gani kaanguka kwenye kamba ya ghorofa ya pili bila kuumia.

Jumanne moja habari ilikuwa kubwa kuliko paka. Mwanamke mmoja aliyevaa viatu vizito vya kazi alifika na futikamba ndefu na jalada la bluu. Nyuma yake alikuwapo mwanaume mwenye nyundo ndogo. Mwanaume huyo aligonga ukuta, akaweka sikio, akagonga tena, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Kila alipogonga, chokaa ilidondoka.

Fundi viatu aliwatazama. Yeye alifanya kazi chini ya ngazi, mahali ambapo hakuna mtu aliyeweza kuingia wala kutoka bila kupita mbele yake, na watu wengi aliwajua kwa soli zao.

"Shikamoo, mzee," mwanamke alisema.

"Marahaba. Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu. Tunaangalia jengo, limechakaa na linahitaji kutengenezwa. Mimi ni mpangaji wa miji, natoka ofisi ya mipango."

"Hata sisi ni wapangaji," fundi alijibu. "Tofauti ni kwamba sisi tunapanga vyumba, na ninyi mnatupanga sisi."

Mwanamke alicheka. Fundi hakucheka. Alichovya uzi kwenye nta, akaendelea kushona. Walipoondoka alimwambia Chiriku, aliyekuwa amesimama hapo na ndoo yake, "Mgeni anayegonga ukuta kabla hajagonga mlango hana heri."

Jioni hiyo watu walikusanyika bombani, na si kwa sababu ya maji. Fundi viatu aliwasimulia mambo ya mtaa aliokaa zamani. Huko nako walikuja watu wenye futikamba. Waliuliza kwa upole kila chumba kina watu wangapi, nani mzee, nani mgonjwa. Baada ya mwezi mmoja ikaja barua. Ilisema vyumba vimejaza watu kupita kiasi, na wazee na wagonjwa hawafai kukaa katika jengo bovu. Basi watu wakatolewa.

"Palipokuwa na kitanda changu sasa yanaegeshwa magari," fundi alisema. "Na ninyi mkataba wenu unasemaje? Chumba kimoja, watu wasiozidi watatu."

Watu wakatazamana. Katika vyumba arobaini na vinane, vyenye watu watatu tu vilihesabika kwa vidole.

"Kwa hiyo?" Mama aliuliza.

"Kwa hiyo kila mmoja ajue atakachojibu kabla hajaulizwa."

Tangu siku hiyo jengo lilibadilika. Nguo za watoto wachanga zilitoweka kwenye kamba, zikaanikwa ndani. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye watoto watano, aliwaruhusu kutoka nje wawili wawili, kwa zamu. Hata salamu zilibadilika. Badala ya kuulizana habari za nyumbani, watu waliulizana, "Wameshafika kwako?" Mwanamke yule watoto walimpa jina la Futikamba, na alipopita kwenye ngazi milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi asubuhi zamu ya chumba cha akina Chiriku ilifika. Walimsikia Futikamba akiuliza maswali yake chumba cha jirani. Mama aliichukua fimbo ya Bibi akaisukuma chini ya kitanda, kisha akalivuta pazia.

"Mama, nisamehe," alimwambia mkwewe. "Ni dakika chache tu. Ukinyamaza tumepona."

"Nimefanya kazi katikati ya mashine mia mbili," Bibi alijibu. "Huko mtu hujifunza kunyamaza."

Hodi ikapigwa. Futikamba aliingia, akakaribishwa kiti, akafungua jalada lake la bluu. Karibu na jiko kulikuwa na sinia la vyombo vilivyooshwa, na Chiriku aliona macho ya mgeni yakipita hapo, yakasimama kidogo, kisha yakaendelea.

"Mko wangapi hapa?"

"Watatu," Mama alisema. "Mimi, mume wangu na huyu. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini."

"Mtoto wa chini ya miaka mitano?"

"Hakuna."

"Mzee? Au mtu yeyote anayepata shida kupanda ngazi?"

"Sisi sote wazima, tunashukuru."

Futikamba aliandika. Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, mwanangu? Una la kuongeza?"

Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kuongeza, aligeuka pembeni. Alimtazama Mama. Mama alikuwa anatazama sindano ya cherehani.

"Hapana," alisema. "Tuko watatu."

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Chiriku alikohoa haraka, akakohoa tena.

"Pole," Futikamba alisema.

"Nina mafua."

Mgeni alifunga jalada. Mlangoni aligeuka. "Mkikumbuka jambo, ofisi yetu ni kile chumba cha getini, kule kiwandani. Tutakuwapo mpaka mwisho wa mwezi."

Hatua zake ziliposhuka, Mama alilifungua pazia. Bibi alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja.

"Leo nimejua siku nikifa nyumba itasema nini," alisema. "Itasema, tuko watatu. Inasikika vizuri tu."

"Mama, ni kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana sijakasirika."

Lakini alasiri ile hakuuliza chini kuna nini. Kesho yake pia hakuuliza, wala keshokutwa. Chiriku alimletea habari bila kuulizwa, na Bibi alisikiliza akitazama dirishani, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Baada ya siku chache Chiriku alikuwa bombani. Juu, kwenye ghorofa ya pili, Futikamba alikuwa anapita mahali pa kamba akiwa amekumbatia makaratasi. Karatasi moja ilichomoka, ikayumba hewani, ikatua kando ya ndoo. Chiriku aliinua kichwa amwite. Kisha akakumbuka maneno ya fundi viatu. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya sare yake.

Ilikuwa mchoro wa jengo lao, ghorofa ya chini. Kando ya mlango mkubwa vilionekana vile vyumba vitatu vya stoo vya kiwanda, ambavyo havikufunguliwa miaka mingi. Ndani ya kila kimoja iliandikwa herufi W, na kila W ilikatwa kwa mstari mwekundu.

Fundi viatu alivaa miwani yake. Alitazama muda mrefu.

"W," alisema. "Vyumba vitatu, mlangoni kabisa. Unajua ni nini hiyo? Walinzi."

"Walinzi wa nini?"

"Wa kutuzuia. Siku utakayotoka kwenda sokoni, ukirudi unaambiwa huishi hapa."

"Na huu mstari mwekundu?"

"Wamefuta ili tusijue." Alimrudishia karatasi. "Itunze. Huo ni ushahidi."

Kabla ya jua kutua, jengo zima lilijua habari za walinzi. Kuna familia ambayo ilihakikisha kwamba kuanzia siku hiyo mtu mmoja anabaki ndani saa zote. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya kwanza hakwenda kazini siku mbili. Chiriku aliificha karatasi chini ya godoro lake. Kila alipolala juu yake alijiambia kwamba hakuiba, aliokota. Lakini alijua jina la mwenye mali, na alijua ofisi yake ilipo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata waliitwa kwenye mkutano, katika ukumbi ambamo zamani wafanyakazi walikula chakula cha mchana. Walikuja wengi, wengine na watoto mgongoni, lakini walikaa nyuma, karibu na milango. Futikamba alibandika mchoro mkubwa ukutani. Alieleza kwamba jengo halitabomolewa. Ngazi zitajengwa upya, na vyuma vya kushikia pande zote mbili. Maji yatapanda mpaka ghorofa ya tatu. Nyaya za umeme zitabadilishwa. Vile vyumba vitatu vya chini vitakuwa ghala.

"Walinzi watakaa wapi?" fundi viatu aliuliza.

"Walinzi gani?"

Mnong'ono ukapita ukumbini. "Mmeona? Anakana."

Mama mmoja kijana alisimama, mtoto ubavuni. "Na watoto wadogo je? Tunakwenda kazini, tunawafungia ndani na kumwomba jirani awasikilize. Chumba cha kuwalea hakipo?"

Futikamba alifungua jalada lake. "Katika vyumba arobaini na vinane, watoto wa chini ya miaka mitano niliotajiwa ni wanne."

Hapo hapo mtoto mmoja alilia nyuma, mwingine akamjibu, na wa tatu akaona asibaki peke yake. Hakuna aliyecheka.

"Wazee niliotajiwa ni sifuri," aliendelea. "Wasioweza kupanda ngazi, sifuri. Chumba cha kulelea watoto wanne hakiwezi kupitishwa. Macho yangu yanaona mengine, lakini siwezi kuandika ninachokisia. Naandika mnachoniambia. Michoro itapelekwa Jumatano. Aliyekosea jibu lake aje kabla ya hapo."

Nje, watu walimzunguka fundi viatu.

"Mtego huo," alisema. "Anataka tukiri wenyewe. Tukishakiri, mkataba unatungoja."

Mama aliafiki, na wengi wakaafiki.

Nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, Bibi aliuliza. "Wamesemaje?"

Chiriku alimwambia yote: ngazi, maji, ghala. Alipofika kwenye idadi ya wazee sauti ilipungua.

"Sifuri," Bibi alirudia.

Chiriku hakuweza kustahimili. Aliingiza mkono chini ya godoro, akatoa karatasi, akaeleza alivyoipata. Bibi aliisogeza karibu na dirisha. Hakukaa nayo upande mmoja kama fundi viatu. Aliigeuza mara moja.

"Kitambaa hukijui mpaka uone mgongo wake," alisema.

Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo, na Bibi aliyasoma kwa sauti. "W: vyumba vya wazee na wasioweza kupanda ngazi. Mlango mpana, choo ndani, bila kizingiti." Chini yake kulikuwa na maneno ya penseli. "Hakuna aliyetajwa. Viwe ghala."

Cherehani ya Mama ilisimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye ghala," Bibi alisema.

Mama alikuja akaisoma mwenyewe. Aliisoma mbele na nyuma. "Inaweza kuwa kweli," alisema hatimaye. "Na inaweza kuwa chambo. Tumsubiri baba yake. Atarudi Alhamisi."

"Lakini michoro inapelekwa Jumatano," Chiriku alisema.

"Nimesema tumsubiri baba yako."

Jumatatu alipotoka shule, Chiriku hakupinda kuelekea nyumbani. Alinyoosha mpaka geti la kiwanda. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha lililozibwa kwa kadibodi. Futikamba alikuwa amekaa mezani, na yule mwanaume wa nyundo alikuwa anakunywa chai amesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

Chiriku aliweka karatasi mezani. "Niliiokota. Nikaificha."

Mwanaume wa nyundo alikishusha kikombe chake. "Mimi nimeitwa mzembe wiki nzima kwa sababu ya karatasi hiyo," alisema. "Tumeitafuta mpaka ndani ya viatu."

Jambo hilo Chiriku hakuwa amelifikiria kabisa. "Nisamehe," alimwambia, na uso ukamwaka. Kisha akamgeukia Futikamba kabla ujasiri haujamwishia. "Na kuna jambo jingine. Hatuko watatu. Tuko wanne. Bibi yangu hawezi ngazi."

"Vikombe kwenye sinia vilikuwa vinne," Futikamba alisema. "Na kile kikohozi hakikuwa cha mafua."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikisia tu. Sina ruhusa ya kufunua pazia la mtu ndani ya nyumba yake."

Chiriku akauliza, "Mkimwandika mtamtoa? Mkataba unasema watu watatu."

Futikamba aliinama. Alifungua saraka ya meza, akatoa barua yenye mihuri, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Soma."

Chiriku alisoma polepole. Mstari ulisema kwamba mikataba ya kiwanda imekwisha nguvu, na kwamba hakuna mkazi atakayetolewa kwa sababu ya idadi ya watu chumbani mwake, umri wake wala afya yake.

"Kwa nini hamkutuambia?"

Mwanamke aliikunja barua. "Sikujua kwamba hilo ndilo mnaloogopa. Ninyi hamkuniuliza, na mimi nilikuja na maswali yangu tu, sikuuliza ya kwenu. Kosa hilo ni langu." Alisimama. "Lakini neno la mtoto peke yake siwezi kuliandika. Kesho jioni nitakuja nimuulize mama yako tena."

Njia ya kurudi nyumbani haikuwahi kuwa ndefu kama siku ile. Chiriku alifika, akaweka mkoba chini, akasema yote kabla Mama hajamuuliza kwa nini amechelewa.

Mama hakumpiga. Alikaa kitandani. "Umekwenda bila ruhusa yangu," alisema. "Na wakimtoa, utamwambia nini baba yako? Barua ya mihuri? Hata fundi alionyeshwa barua ya mihuri." Hakusema naye tena mpaka kesho yake.

Jumanne jioni Futikamba alipanda ngazi sitini na mbili. Habari ilikuwa imemtangulia. Majirani walijaa kwenye ukumbi wa ghorofa, wakijifanya wanafagia. Hata fundi viatu alikuwa amepanda, anahema, ameshika kisigino cha kiatu cha mtu.

"Nimekuja kuuliza tena," Futikamba alisema mlangoni. "Mko wangapi hapa?"

Mama alimtazama Chiriku. Akawatazama majirani, kila mmoja na siri yake nyuma ya mlango wake. Akitaja mmoja amewataja wote.

"Nilishasema," alijibu. "Watatu."

"Wanne," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Pazia likafunguka. Bibi alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukutani. 

"Andika," alimwambia Futikamba. "Mfumaji mstaafu. Nyonga moja mbovu, masikio mawili mazima. Hayo masikio uyaandike vizuri, maana yalikusikia Jumamosi ile ukiambiwa kwamba sipo."

Mama alifunika uso kwa viganja. Chiriku alidhani analia. Alipoiondoa mikono, macho yalikuwa makavu, na uso ulikuwa wa mtu aliyeamua.

"Haya. Tuko wanne," alisema. "Lakini sasa na mimi nina maswali, na sitaki majibu ya mdomo. Hiyo barua iko wapi? Nani aliitia sahihi? Mkitutoa wakati wa ujenzi, tutakaa wapi, na nani anahakikisha tunarudi?"

"Keti, mama," Futikamba alisema. "Nitajibu moja moja."

Alijibu. Pale asipojua alisema hajui, na akaandika swali ili apeleke ofisini. Kisha akachukua karatasi safi, akaandika kwamba Bibi hatatolewa kwa sababu ya umri wala afya, akatia sahihi yake na tarehe. Fundi viatu aliichukua. Alisoma mara tatu, akaigeuza nyuma.

"Nyuma hakuna kitu," aliwatangazia watu. Kisha alikuna kichwa. "Dada, na mimi nilikwambia nina miaka hamsini na mitano."

"Ndiyo, nimeandika."

"Ongeza kumi na minne."

Hapo ndipo watu walipocheka, na kicheko kikafungua milango. Mama wa ghorofa ya pili aliwatoa watoto wake wote watano kwa mpigo. Futikamba alishuka ghorofa moja baada ya nyingine, jalada mkononi, mpaka mwanga ukaanza kupungua na mwanaume wa nyundo akamshikia tochi. Wazee walifika kumi na mmoja. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa thelathini na sita.

Michoro haikupelekwa Jumatano. Ilichelewa siku tisa, na Futikamba alikaripiwa na wakubwa wake. Ujenzi ulichukua miezi minane ya vumbi, kelele na kupika kwenye korido, na si kila kitu kilienda sawa. Vyumba vya chini vilikuwa vitatu tu. Kimoja kikawa cha kulelea watoto, viwili vikapewa wazee wenye hali ngumu zaidi. Kwa waliobaki, majirani wenye miguu mizuri wa ghorofa ya kwanza walikubali kubadilishana nao vyumba, ingawa mmoja alibishana siku tatu. Maji ya ghorofa ya tatu siku nyingine hutoka kama uzi.

Siku ya kumhamisha Bibi, Baba alikuwapo. Alibeba kitanda, Mama akabeba cherehani ndogo ya mkono ya Bibi, ambayo mwenyewe alikataa kuiacha, na Chiriku akabeba godoro kichwani. Bibi alishushwa kwa kiti, mara hii na watu wawili tu, kwa kuwa ngazi zilikuwa na vyuma na upana wa kutosha. Mzee mwenzake wa chumba alikuwa tayari amechagua upande wa dirisha.

Walipokuwa wanatandika, Chiriku aliuliza jambo lililomkaa moyoni kwa miezi. "Mama, bado umenikasirikia kwa kwenda ofisini bila ruhusa?"

Mama alinyoosha shuka mpaka likaisha makunyanzi.

"Kwa kwenda bila ruhusa, kidogo," alisema. "Kwa kusema kweli, hapana. Sikiliza, mwanangu. Kushuku si kosa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na fundi aliumwa kweli. Kosa langu ni kwamba nilishuku kisha nikanyamaza, na nikakufundisha wewe, mwenye mdomo wote huo, kunyamaza pamoja nami. Shaka ikikuingia, ipeleke kwa mwenyewe, iulize, idai maandishi. Usipoiuliza, itakaa ndani yako na kusema uongo kwa niaba yako. Na uongo ule tuliusema ili kumlinda Bibi, lakini kidogo umnyime mlango huu."

"Sitarudia," Chiriku alisema.

"Hata mimi."

Nje kidogo ya mlango, Bibi alikuwa amekataa kiti. Mlango ulikuwa mpana na hauna kizingiti. Alitanguliza fimbo, akafuata mguu mzima, kisha ule mbovu, akavuka peke yake mpaka uwanjani. Baba alitaka kumshika kiwiko, Mama akamzuia. Bibi alisimama pale juani, na hakuna aliyemharakisha.